Maswali yenu kuhusu timu za kazini: kwanza niambieni nani anaamua

Nipo timu ya mradi. Bosi wa idara ananipa kazi, meneja wa mradi naye ananipa, wote wanataka Ijumaa. Nimsikilize nani?

Usimsikilize yeyote kwanza, wakutanishe. Hizi timu za kuchanganya idara zinaumiza watu hapo hapo, mtu ana mabosi wawili halafu hao mabosi wenyewe hawaongei. Chukua karatasi, andika kila kazi na masaa yake: ripoti masaa 12, majaribio masaa 20, kikao cha mteja masaa 6, na pembeni andika masaa yaliyobaki mpaka Ijumaa. Watumie wote wawili imeili moja, waulize ipi isubiri. Ukienda kwa mmoja mmoja kila mtu atakwambia yake ndo ya haraka na utalala ofisini bure. Na majibu yao yawe ya maandishi, ya mdomo yanakanwaga.

Kuna tofauti gani kati ya timu na kundi?

Jamani, hili nimelijibu mara ngapi? Timu mna lengo moja na kazi ya mmoja ikikwama ya mwenzake inakwama, basi.

Kazi imechelewa, wakubwa wanataka kutuongezea watu kutoka 5 tuwe 10. Itasaidia?

Mara nyingi itachelewesha zaidi. Watu 5 wana njia 10 za kuongea wawili wawili, watu 10 wana njia 45, na wageni wanafundishwa na nyie nyie mliozidiwa. Halafu wakiwa wengi watu wanategeana, Ringelmann, mhandisi Mfaransa, alipima watu wakivuta kamba, matokeo yakatoka 1913: wakiwa 8 kila mmoja alivuta karibu nusu tu ya nguvu anayovuta peke yake. Ombeni kazi ipunguzwe.

Timu yetu kila mtu yuko kwake, bosi anataka kamera iwe wazi siku nzima.

Kamera haifanyi kazi. Mimi nimekaa timu ya hivyo, watu wawili wakatengeneza jedwali lile lile wiki nzima, na kamera zilikuwa wazi, shida hakuna aliyeandika nani kachukua nini. Mwambieni mtaandika kila uamuzi sehemu moja siku hiyo hiyo, aachane na sura zenu.

Sisi tunajiongoza, hatuna bosi, mwezi wa pili huu tunagombana tu. Tuvunje?

Msivunje bado. Tuckman, mwanasaikolojia Mmarekani, alishaandika 1965 kwamba timu nyingi zinapita kipindi cha kuvutana kabla ya kuelewana. Ila nawauliza mnagombania nini, kama ni namna ya kufanya kazi sawa, kama ni nani mwenye neno la mwisho hilo haliishi lenyewe hata mkae mwaka. Kujiongoza sio kila mtu kuamua kila kitu. Kaeni kesho mgawane: bei anaamua nani, ratiba nani, mteja akilalamika anapokea nani, mpeane miezi mitatu halafu mbadilishane. Na yule anayenyamaza kwenye vikao mkamuulize pembeni, huyo mara nyingi anajua tatizo liko wapi ila anaogopa.