Tarantula akiumia au akiota uvimbe: kwa wewe unayeanza kumfuga

Kabla hujafikiria dawa yoyote, elewa kwanza mwili wa huyu mdudu. Tarantula, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya, hana mifupa, na damu yake haikai kwenye mishipa midogo midogo kama yetu. Imejaa tu ndani ya mwili, ikisukumwa na moyo ulio upande wa mgongo, ndani ya tumbo. Presha ya damu hiyo ndiyo inayomnyooshea miguu. Akipata tundu, hata la sindano, damu inapotea na miguu inaanza kujikunja chini ya mwili. Kwa hiyo kazi yako kwa majeruhi ni ndogo kuliko unavyodhani: ziba panapovuja, mpe maji, kisha mwache atulie mpaka ajivue gamba. Gamba jipya ndilo litakalomponya.

Nasisitiza hivi kwa sababu wengi hapa Mwanza wakinipigia simu, mnyama ameshapakwa kitu. Spiriti, GV, mafuta ya mgando. Yupo aliyetaka kumpaka dawa ya kuogeshea ng'ombe, akiamini kwamba ikimfaa ng'ombe haiwezi kumdhuru buibui. Jamani, kupe na buibui ni ndugu! Dawa iliyotengenezwa kumuua kupe itamuua na huyu, tena haraka.

Majeraha mengi ninayoyaona yanatokana na kuanguka. Tarantula wa ardhini ni mzito, na tumbo lake ni laini kama nyanya iliyoiva. Akipanda ukuta wa boksi refu na kuangukia jiwe au ukingo wa kisahani, tumbo linapasuka. Jaza udongo wa kutosha, nafasi kati ya udongo na mfuniko isizidi sana upana wake akiwa amenyoosha miguu. Na tafadhali usimfunike kwa wavu wa mbu. Najua ni rahisi kuupata na hewa inapita vizuri, lakini kucha zake hunasa kwenye matundu yale, ananing'inia, anajivuta, mguu unakatika. Tumia mfuniko wa plastiki uliotobolewa kwa msumari wa moto.

Sasa ameumia. Usitegemee kuona damu nyekundu. Damu yake ni majimaji yenye ubuluu hafifu, maana kinachobeba oksijeni ndani yake kina madini ya shaba badala ya chuma. Kwenye manyoya meusi huioni kabisa. Washa tochi ya simu, mmulike kwa pembeni, utaona tone linalong'aa, au udongo umelowa pale alipokuwa amekaa.

Mfunike kwa kopo linaloonyesha ndani, telezesha karatasi ngumu chini yake, mhamishie kwenye boksi dogo lililotandikwa tishu safi. Usimshike kwa mkono. Jamii inayopatikana huku kwetu Afrika Mashariki, hasa Pterinochilus murinus, haina manyoya ya kuwasha kama tarantula wengi wa bara la Amerika. Kinga yake ni meno, na maumivu yake si ya mchezo. Chukua unga laini, wa muhogo au wa mahindi uliokobolewa, uuchote kwa ncha ya brashi ya rangi na kuudondoshea juu ya jeraha. Subiri. Ukilowa, ongeza mwingine. Vidonda vidogo huziba hapo hapo.

Kama ni tumboni na unga umeshindwa, tone dogo la supagluu kwenye ncha ya kijiti cha meno linaweza kumwokoa. Hapa ndipo mikono inatakiwa itulie. Gundi isifike kwenye viungo vya miguu wala mdomoni, na chini ya tumbo isiguse kabisa yale madoa manne ya rangi hafifu. Hayo ni mapafu yake. Ukipaka kidogo na mahali sahihi, gundi hiyo itatoka pamoja na gamba la zamani.

Mguu ni habari nyingine, na ni nyepesi zaidi. Tarantula ana uwezo wa kuukata mguu wake mwenyewe kwenye shina, karibu na mwili, na pale shinani misuli hujifunga damu isitoke. Wakati mwingine anaula. Usishtuke. Akiwa bado anakua, mguu utaota tena: mara ya kwanza utatoka mwembamba na mfupi, kisha utaongezeka kila anapojivua. Dume aliyekomaa ni tofauti, yeye kwa kawaida hajivui tena, hivyo kilichopotea kimepotea, lakini anaishi vizuri tu na miguu saba.

Kwenye uvimbe ndipo watu wanapoharibu zaidi. Dada mmoja wa Kirumba alinionyesha jike lake lenye kinundu kigumu cheusi ubavuni mwa tumbo, ukubwa wa punje ya mtama. Mdogo wake alikuwa ameshashika wembe. Nikamwambia, "Mdogo wangu, weka wembe chini, lete simu." Tukapiga picha na sarafu ikiwa pembeni ya boksi, akaendelea kupiga hivyo kila wiki. Kinundu hakikukua, jike alikula kama kawaida. Alipojivua, tulililoweka lile gamba kwenye maji yenye tone la sabuni, tukalikunjua taratibu kwa vijiti. Kinundu kilikuwa pale kwenye gamba, na tumbo jipya lilikuwa safi. Lilikuwa kovu la zamani, basi.

Ukikata uvimbe umetoboa tumbo, na tumbo lina presha. Usikate. Fuatilia picha. Ukiona kinakua kati ya picha na picha, au kimerudi kikubwa zaidi baada ya kujivua, au kinamzuia kutembea, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo anayeweza kumlaza kwa gesi ya usingizi. Uvimbe kwenye njia ya haja mara nyingi ni kinyesi kilichogandia. Pamba ya masikio iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, unagusa tu bila kuvuta, hulainisha. Ute mweupe mdomoni wenye harufu mbaya, kwa mnyama aliyekataa kula, huenda ni minyoo midogo. Huo hauna tiba ya kuaminika. Mtenge siku hiyo hiyo, na vifaa vyake usivichanganye na vya wengine.

Kuna na lile ambalo halionekani kama jeraha: anatembea kwa kuyumba, miguu inatetemeka. Mara nyingi nashuku sumu. Panzi waliokamatwa kando ya mashamba ya pamba yaliyopigwa dawa usiwalete nyumbani. Timu ya dawa ukoko, ile inayopuliziwa ukutani kuua mbu, ikipita mtaani kwenu, mtoe tarantula nyumbani kabla hawajaanza na umpeleke kwa jirani ambaye nyumba yake haipuliziwi. Usimrudishe eti kwa kuwa harufu imeisha, maana dawa hiyo hukaa ukutani kwa miezi.

Majeruhi anahitaji kisahani cha maji kisichokauka, hasa kiangazi cha Juni hadi Septemba, pamoja na giza na utulivu. Usimwekee nyenje hai, maana nyenje mwenye njaa hutafuna kidonda, na humtafuna hata mzima akiwa anajivua. Ukimkuta amelala chali, hajafa: anajivua. Usimgeuze, usimpulizie. Akimaliza, meno yake yatakuwa meupe na laini. Ngoja yawe meusi kabisa ndipo umpe chakula, na uanze na mdudu mdogo uliyemponda kichwa.