RAV4 ya 2007, kodi P0420: usinunue katalizeri kwanza

Jambo ndugu. RAV4 yako ya 2007, injini ya 2.4, kodi ya hitilafu P0420 inarudi kila ukiifuta, na fundi anataka ubadili katalizeri, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba. Ngoja kwanza. Kodi hiyo inasema katalizeri haisafishi moshi vizuri. Haisemi kwa nini.

Anza chini ya gari. Hapa Goma mawe ya lava yanagonga sana bomba la moshi, na tundu dogo mbele ya sonda ya nyuma (kipima oksijeni kilicho baada ya katalizeri) linavuta hewa na kuidanganya sonda hiyo. Washa moteri ingali baridi, sikiliza, tafuta masizi kwenye viungo.

Ukiona pia kodi za P0300 hadi P0304 (silinda haziwaki vizuri), tengeneza buji na koili kwanza, maana esansi isiyoungua ndiyo inayochoma katalizeri. Halafu moteri ikishapata moto, ishikilie kwenye mizunguko 2500 kwa dakika na usome sonda ya nyuma kwenye skana. Ikitulia karibu na volti 0.7, katalizeri ingali nzima. Ikipanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9, imekwisha.

Je, inakula oili? Injini hizo zinajulikana kwa hilo, na oili itaua hata katalizeri mpya. Mimi nisingetoa dola hata moja kabla ya kulimaliza tatizo hilo la oili. Tuandikie namba za sonda.