Nyimbo za Ujana Wetu: Maswali Yenu na Majibu

Nina miaka 58. Nikisikia Sikinde ya miaka ya 80 mwili wote unasisimka. Nyimbo za leo zinanipita tu. Ni uzee? (Msomaji, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Masikio yako hayana kasoro. Mlimani Park, yaani hiyo Sikinde yako, ilianza mwaka 1978, na ilipokuwa inatamba wewe ndiyo kwanza unavunja sauti. Umri huo hisia ziko juu na mambo mengi yanakukuta kwa mara ya kwanza: kupenda, kukataliwa, kwenda bweni. Wimbo unaopigwa wakati huo unashikana na tukio lenyewe, ndiyo maana ukirudi unarudi nalo. Wanasaikolojia wamethibitisha kwamba watu wazima hukumbuka sana mambo yaliyowapata kati ya miaka kama 10 na 30.

Kwetu kulikuwa na la ziada. Hadi redio za binafsi zilipoanza mwaka 1994, Tanzania Bara ilisikiliza Radio Tanzania, na bendi zilirekodi kwenye studio zake. Wimbo mpya ukitoka, shule nzima imeusikia, na asubuhi ubishi umeanza: Sikinde au bendi pinzani, Msondo? Watu walinuniana kama Simba na Yanga. Ule ndio muziki wa kwanza uliouchagua mwenyewe, tena ukiwa na wenzako, na mimi naamini hao wenzako ndio waliougandisha moyoni.

Mimi muziki nimeupenda nikiwa na miaka 24. Nilichelewa? (Msomaji, Dodoma)

Hata kidogo. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, waliwapa watu wa rika mbalimbali nyimbo za vipindi tofauti wazisikilize. Mapenzi yalifika kileleni kwa nyimbo zilizovuma msikilizaji akiwa na miaka kama 23 na nusu. Uliingia kwa wakati.

Binti yangu wa miaka 15 anashinda na singeli. Atakuja kuupenda muziki wetu kweli? (Mama, Morogoro)

Huenda tayari anaupenda na hajakwambia. Mwaka 2013 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na mwenzake Justin Zupnick waligundua kwamba vijana wa miaka kama 20 walivutiwa sana na nyimbo za enzi za ujana wa wazazi wao, pamoja na zao wenyewe. Zinawaingia nyumbani, kwenye gari, jikoni wakati mama anapika. Kwa hiyo piga dansi lako Jumapili bila kumhutubia. Na dada yangu, siku moja kaa naye usikilize singeli yake. Kinanda kile kinachokimbia kina undugu na mchiriku uliokesha uswahilini Dar es Salaam tangu wewe ukiwa mdogo. Muulize nani anamkubali na kwa nini. Huo ndio ubishi wa Sikinde na Msondo, kwa rika lake.

Bibi yangu, Unguja, anatusahau majina, lakini akisikia taarabu ya zamani anaimba ubeti mzima. Inawezekanaje? (Mjukuu)

Pole sana. Kumbukumbu ya muziki haikai sehemu moja ya ubongo, na kwa wagonjwa wengi wa kusahau huwa miongoni mwa vitu vinavyodumu hadi mwisho. Muziki hautibu ugonjwa, ila humtuliza bibi na kumrudisha karibu nanyi kwa muda. Tafuteni nyimbo za usichana wake, sauti iwe ya wastani, mwimbe naye.

Kaseti zangu za dansi zina unga mweupe kwenye kanda. Nizitupe? (Msomaji, Mwanza)

Usitupe! Mara nyingi huo ni ukungu. Usizicheze kama zilivyo, maana ukungu utabaki kwenye hedi ya redio na kuhamia kanda nyingine. Zitenge, kisha mtafute fundi azisafishe. Kama tatizo ni kile kipande cha sponji kinachobana kanda kimebanduka, fungua skrubu za kasha, hamishia roli zote mbili kwenye kasha la kaseti nyingine nzima, ukiangalia kanda isijipinde. Safisha hedi kwa pamba na spiriti. Zungusha kanda hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, kisha uirekodi kwenye kompyuta. Anza na zile ambazo huzisikii popote, kwa sababu nyimbo nyingi za bendi zetu hazikuwahi kutolewa kwenye santuri. Nakala moja mpe mtu wa nyumba nyingine akutunzie.