Sindano Haioshi Banda

SWALI: Hujambo daktari. Nina nguruwe jike watatu, watoto wao, na wengine wa kunenepesha wa miezi mitatu hadi minne. Hawa wa kunenepesha wanaharisha kinyesi cha kijivu kama saruji mbichi. Kula wanakula, lakini kuna wawili wa mzao mmoja ambao mmoja sasa ni karibu mara mbili ya mwenzake. Jirani aliwadunga ile sindano ya njano ya agroveti, kinyesi kikakaza, kisha baada ya muda kuhara kukarudi. Dawa ya minyoo nimewapa. Niongeze dozi ama nibadilishe dawa?
— Mama Nguruwe, Butula, Busia

JIBU: Mama, usiongeze dozi. Nimefurahi kwamba umetazama ukubwa wa hao ndugu wawili, maana wengi wanaoniandikia huishia kwenye kinyesi. Nguruwe wa umri huo akila vizuri, minyoo imetolewa, na bado anaachwa nyuma na mwenzake, mimi humshuku kwanza bakteria aitwaye Lawsonia intracellularis. Huyu huingia ndani ya seli za utumbo mwembamba, hasa kule mwishoni, seli zikazaana ovyo mpaka ukuta wa utumbo ukawa mnene. Chakula kinapita bila kufyonzwa. Pumba na omena ulizonunua kwa pesa zako zinaishia kwenye shimo la mbolea.

Ungeniambia kuna kamasi na damu, ningefikiria kuhara damu kwa utumbo mpana. Wangekuwa wale walioachishwa ziwa juzi, wanaharisha maji matupu, ningesema ni bakteria wa E. koli. Na wakianza kufa wakubwa kwa wadogo, wana homa kali, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu, hiyo ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ni virusi, haina tiba. Usiuze, usichinje, mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa kwa nini inarudi? Dawa inapunguza bakteria tumboni, lakini nguruwe anazidi kulala na kula juu ya kinyesi kile kile. Lawsonia anaweza kukaa hai kwenye kinyesi kama wiki 2 pakiwa na ubaridi, na panya humhamisha kutoka chumba hadi chumba. Nakisia kwamba ukiuza mmoja unaingiza mdogo mahali pake, kwa hiyo chumba hakibaki kitupu kamwe. Huku Kakamega naona hivyo banda baada ya banda. Lingine linaloniudhi zaidi ni kumchukua yule aliyedumaa na kumrudisha kwa wadogo ati asinyang'anywe chakula. Hapo umewapelekea wadogo ugonjwa. Mtenge peke yake, au mwondoe kabisa.

Daktari wa mifugo achukue kinyesi kabla ya dawa nyingine yoyote, kipelekwe maabara ya mifugo, kama ile ya Eldoret. Huenda akachagua dawa ya kuua bakteria kama tailosini au tiamulini. Mkiafikiana tiamulini, mwambie kama huwa unawapa nguruwe mabaki ya chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula hivyo vina dawa ya koksidia, yaani vimelea vya utumbo wa kuku, kama monensini au salinomaisini, na vikikutana na tiamulini vinaweza kumuua nguruwe. Maliza siku zote ulizoandikiwa, na umuulize ni siku ngapi upitishe kabla ya kuchinja.

Kundi hili likiuzwa, usijaze banda papo hapo. Komba kinyesi chote, sugua kwa sabuni na maji ya moto, acha pakauke, ndipo unyunyize dawa ya kuua viini. Ukiimwaga juu ya kinyesi umeitupa. Pakae patupu siku kadhaa pakiwa pakavu, kisha ingiza wa umri mmoja kwa pamoja. Kila asubuhi anzia kwa wanaonyonya na umalizie kwa wakubwa, na sepetu ya wakubwa isiguse chumba cha wadogo. Wape maji safi ya kutosha, kwani anayeharisha anaweza kufa kwa kukaukiwa maji kabla bakteria hajammaliza.

Hukutaja dume. Kama ni la kuazima, linalozunguka boma hadi boma, anza kuuliza kule lilikotoka kama nao wana wadumavu. Na nguruwe yeyote utakayenunua mweke mbali na wengine kwa mwezi mmoja.