Noeli Lubumbashi na watoto watatu

Dada yangu wa Likasi, umeuliza utawafurahisha vipi watoto watatu kwa siku nne hapa Lubumbashi bila kumaliza pesa yote. Inawezekana.

Kwanza, usingoje tarehe 24 ndipo uende soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Bei ya kuku na mafuta hupanda na msongamano unachosha watoto. Nunua mapema, tena asubuhi.

Misa ya mkesha, kama mnapenda kwaya, nendeni katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, ila fikeni mapema mno. Nimesimama nje na mtoto mgongoni, mvua ikinyesha, na sitaki likupate. Desemba ni mvua kwetu: bebeni miavuli, na nguo mpya za sikukuu zifungwe vizuri kwenye mfuko. Mafuriko ya barabarani hayajali Noeli.

Asubuhi isiyo na mvua wapeleke zoo, halafu makumbusho ya taifa, waone shaba ya wazee wetu, ile misalaba iliyotumika kama pesa. Wanangu bado wanaizungumzia.

Jioni, mbuzi wa kuchoma na bukari, yaani ugali. Uliza bei kabla ya kukaa, na ubebe franka ndogondogo, kwa sababu chenji ya dola inasumbua.

Siku moja msitoke kabisa. Mkae kwa dada yako, mle maembe, watoto wacheze na binamu zao. Hiyo ndiyo ningeilinda kuliko zote.