Usiiguse Namba Ndogo: Kosa Lililonipa Jina Baya Darasani

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alinitumia picha ya karatasi yake ya jaribio la kemia. Alikuwa amepewa sifuri katika swali la kwanza, na chini ya picha aliandika: “Yaya, hesabu inalingana kushoto na kulia, sasa kosa langu liko wapi?” Alitakiwa kusawazisha mlinganyo wa hidrojeni na oksijeni zinazoungana kuwa maji, naye aliandika hivi:

H₂ + O₂ → H₂O₂

Ni kweli kwamba hesabu inalingana, kwa kuwa kuna atomi mbili za hidrojeni na mbili za oksijeni kila upande. Tatizo ni kwamba H₂O₂ si maji. Ndiyo ile dawa ambayo maduka huiuza ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi, na ambayo hutoa povu jeupe ukiimwagia kidonda. Nilicheka kidogo, kisha kicheko kikanikauka mdomoni, maana kosa hilo nilikwisha kulifanya mimi mwenyewe, mbele ya darasa zima, na malipo yake nayakumbuka hadi leo.

Wakati huo mama yangu alikuwa akiuza makala. (Wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa mniwie radhi: kwetu makala ni mkaa, kama vile yaya alivyo ndugu mkubwa.) Magunia yalipangwa kwenye ukuta uleule nilikotundika shati langu jeupe la shule, kwa hiyo kola yangu haikukosa mstari mweusi. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni:

CuO + C → Cu + CO₂

Alitueleza kwamba oksidi ya shaba ikichomwa pamoja na makala huachia shaba, na kwamba wahenga wa Katanga waliyeyusha mawe yao ya kijani kwa njia hiyo na kusubu misalaba ya shaba, muda mrefu kabla ya tanuri kubwa la mji huu kuanza kazi mwaka 1911. Kisha akaitazama kola yangu, akaniita nisawazishe.

Niliona oksijeni moja kushoto na mbili kulia. Bila kusita nilifuta ile 2 ndogo iliyoko chini ya O, nikabaki na CO, nikasimama nikingoja sifa. Mwalimu aliligeukia darasa akasema: “Mwoneni mtoto wa muuza makala. Ameua nyumba nzima.”

Alikuwa na haki kuhusu kemia, hilo siwezi kumnyima. CO₂ ndiyo hewa tunayoitoa tukipumua, lakini CO ni ile gesi isiyo na harufu inayowakuta waliolala wamefunga madirisha, mbabula (jiko la makala) ikiwaka ndani, katika baridi ya Juni na Julai. Kwa kufuta namba moja ndogo nilikuwa nimeandika kitu kingine kabisa. Haki ya kunitania kwa kazi ya mama yangu, hata hivyo, hakuwa nayo. Wenzangu waliniita Muuaji hadi mwisho wa mwaka, na kwa miezi kadhaa nilinakili majibu ya jirani yangu ili nisiitwe tena ubaoni.

Aliyenifundisha kusawazisha ni mama, ambaye hakuwahi kusoma kemia. Alikuwa na ndoo moja ya kupimia, yenye ufa uliozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Mteja aliyetaka makala zaidi alichukua ndoo mbili au tatu. Hakuna aliyewahi kumwomba aipanue ndoo. Jioni moja nikimsaidia kupima, nilielewa ghafla. Namba ndogo ya chini ndiyo ndoo yenyewe: inasema kitu hicho ni nini. Namba kubwa ya mbele inasema ndoo ni ngapi. Kusawazisha ni kuhesabu ndoo tu.

Nilirudi kwenye mlinganyo ulionitia aibu. Kaboni ni moja kila upande, kwa hiyo niliiacha. Oksijeni ni mbili kulia, basi niliweka 2 mbele ya CuO. Hapo shaba zikawa mbili kushoto, nikaweka 2 mbele ya Cu:

2CuO + C → 2Cu + CO₂

Maji ya kijana wa Katuba nayo huenda vivyo hivyo: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Yeyote anayeuliza kwa nini tunasumbuka namna hii amkumbuke Mfaransa Antoine Lavoisier, aliyepima kwa mizani kabla na baada, akaonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1789 kwamba uzito wa vitu vilivyoingia ndio uzito wa vilivyotoka. Atomi haipotei njiani, wala haizaliwi kwenye mshale.

Mazoea yangu yalikuwa haya. Niliandika fomula zote kwa kalamu ya wino kwanza, kisha namba za mbele kwa kalamu ya risasi, ili kifutio kisiweze kamwe kuigusa namba ndogo. Nilianza na elementi inayoonekana mahali pamoja tu kila upande, na oksijeni niliiacha mwisho, kwa sababu hukaa karibu kila mahali. Ikitokea nusu, zidisha zote kwa mbili. Butani ya kupikia, C₄H₁₀, ikiungua hutoa CO₂ nne na maji matano, yaani hudai atomi 13 za oksijeni, na O₂ huja mbilimbili, hivyo inatokea sita na nusu; ukizidisha zote kwa mbili unapata:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Lakini narudia, namba ndogo usiiguse. Ninajua vijana wa leo hulipiga picha zoezi na simu ikawaletea jibu kabla wino haujakauka. Mimi nilinakili kwa jirani, ninyi mnanakili kwa simu, na katika chumba cha mtihani wa serikali jirani huhamishwa na simu huachwa mlangoni.

Leo nina mwaka wa kumi na moja katika maabara ya shaba, na sioni haya kusema kwamba wahandisi huniletea hesabu zao nizihakiki. Mwaka jana nilikutana na mwalimu yule kwenye foleni ya mkate. Nilimsalimu kwa heshima, nikamkumbusha nyumba niliyoiua. Hakukumbuka kitu.

Kijana wa Katuba nimemtumia zoezi tunaloliona kazini kila siku, jiwe la kijani likimiminiwa asidi ya salfuri:

Cu₂CO₃(OH)₂ + H₂SO₄ → CuSO₄ + CO₂ + H₂O

Jana usiku alinirudishia picha. Ameweka 2 mbele ya asidi, 2 mbele ya CuSO₄ na 3 mbele ya maji, kwa kalamu ya risasi, na kando ya ukurasa amehesabu oksijeni kwa vijiti: 13 kushoto, 13 kulia.