Hesabu F, moyo unataka udaktari

*Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa kwanza, stashahada ya utabibu, hapa Kigoma. Nia yangu ni MD, shahada ya udaktari. Usiku nasoma vitabu vya MD alivyoniachia binamu yangu, kwaya nimeacha, na wenzangu wananiambia wodini nisaini tu kisha nirudi bwenini kupiga msuli, kwani kinachotakiwa ni GPA, wastani wa alama. Mtandaoni nafuatilia wanafunzi wa Marekani. Wao wanahimiza kujitolea na kutafuta barua za wahadhiri. Kidato cha nne Hesabu nilipata F. Nipange vipi miaka hii mitatu?*
*Msomaji, Kibirizi*

Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo F, maana umeitaja mwishoni kama mtu anayekumbuka deni la duka akiwa tayari yuko mlangoni.

Kuingia utabibu walitazama Kemia, Baiolojia na Fizikia, kwa hiyo Hesabu haikukusumbua. Itakusumbua mbele. Kwa anayetoka stashahada ya utabibu kwenda MD, mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unadai GPA isiyopungua 3.0 pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Unaweza kumaliza na GPA ya 4.5 na ukakwamishwa na somo moja la miaka ile. Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, urudie Hesabu. Mtihani ni Novemba lakini usajili hufungwa miezi mingi kabla, basi ulizia kituo sasa hivi, usisubiri mwaka wa tatu ambao una mambo yake. Vitabu vya binamu vifunge. Saa hizo za usiku zipe uwiano na logi. Na kumbuka kwamba 3.0 inakupa ruhusa ya kuomba tu. Nafasi ni chache na wenye zaidi ya hapo ni wengi.

Wale wa Marekani waache na njia yao. Kwao mtu humaliza kwanza shahada nyingine, kwa kawaida miaka minne, halafu anafanya mtihani uitwao MCAT na kuitwa kwenye usaili ndipo aingie udaktari. Hapo barua na kujitolea vina kazi. Huku kijana anatoka kidato cha sita na PCB yake (Fizikia, Kemia, Baiolojia), anaanza MD ya miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi. Vyuo vinachagua kwa matokeo. Ukijitolea, jitolee kwa sababu unapenda.

Sasa hao wanaokwambia usaini uondoke. Nilikuwa mmoja wao. Nilisoma utabibu hapa Tabora, na mwaka wa kwanza wodi niliihesabu kama foleni ya kuelekea kwingine. Asubuhi moja, wodi ya watoto, nilipewa mtoto wa miezi kumi nimhesabie pumzi. Nilitazama kifua sekunde kumi na tano, nikapata kumi na moja, nikazidisha kwa nne. Arobaini na nne, nikaandika, nikafurahi, kwa sababu umri ule pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 50 kwa dakika. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta begi langu.

Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyependa kutusalimia “mwangaluka”, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata saa nane mchana, alisoma faili akaniita. Hakunigombeza. Alinivulia saa yake. “Dakika nzima,” akasema, “na asiwe ananyonya, asiwe analia.” Nikahesabu. Hamsini na sita. Pumzi za mtoto mdogo hazina mwendo mmoja: zinakimbia, zinatulia, zinakimbia tena, na mimi nilikuwa nimekamata pale zilipotulia. Mama yake alikuwa ameshaambiwa kwamba ni malaria, maana huku kwetu kila homa huanza kuitwa malaria, na kipimo kilikuwa kimesoma hasi. Ilikuwa nimonia.

Miaka kadhaa baadaye nikisoma MD, mhadhiri alipofundisha jinsi ubongo unavyoongoza upumuaji, darasa lote lilikuwa linanakili madesa. Mimi nilikuwa naona kile kifua. Hiyo ndiyo faida ambayo waliotoka kidato cha sita hawakuwa nayo, na wewe unataka kuitupa kwa saini. Tena wanaokudanganya hawajafikiri vizuri hata kuhusu hiyo GPA, kwani mitihani ya vitendo nayo ina alama zake, na anayekimbia wodi ndiye anayetetemeka mgonjwa akiwekwa mbele yake. Niliwahi kupata sapu, mtihani wa marudio, ya vitendo. Ya nadharia sikuwahi.

Kaa kwenye raundi mpaka iishe. Kila siku chagua mgonjwa mmoja tu, kaa naye, msikilize kwa lugha anayoiweza. Kama ni bibi wa Kiha asiyejua Kiswahili vizuri, tafuta wa kutafsiri, usikisie. Jioni soma ugonjwa wake kwenye kitabu chako cha mwaka wa kwanza, si cha binamu. Kesho yake rudi uone kama ulichosoma kinafanana na kilichomtokea. Mara nyingi hakifanani, na hapo ndipo swali la kumuuliza mwalimu linapopatikana.

Kwaya rudi. Sina hoja ya kitabibu, ila nililala kwa muda wa saa nne tu kila siku muhula mzima, sikuwa na rafiki, na alama zangu zilishuka.

Wagonjwa hao waandikie daftari, bila majina yao: umri, shida iliyowaleta, ulichodhani, ilikuwa nini. Tumia kalamu ya wino. La kwangu niliandika kwa penseli, na kurasa za mwaka wa kwanza siwezi tena kuzisoma.